Duara halifungi sawasawa kwenye CNC ndogo ya milling: beklashi (meza kuchelewa kufuata skrubu inapogeuza mwelekeo) ya X niianzie wapi?

Nyegezi_Mihuri (Mwanza)

Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ndogo ya milling ya mezani, ya Kichina. Aliyeniuzia alikuwa ameshaibadilisha kutoka ya mkono kuwa CNC, yaani inaendeshwa na kompyuta. Mota ni stepa za NEMA 23, draiva TB6600 kwenye maikrostepu 16, skrubu za trapezoidi TR16x4 zenye nati za bronzi, na programu ya kuiendesha, Mach3, kwenye kompyuta ya zamani ya Windows 7. Kazi yangu ni mihuri ya sabuni. Huku Mwanza mpaka Musoma kuna akina mama wengi wanaotengeneza sabuni za mche na za kuogea, na kila mmoja anataka jina lake libonyezwe kwenye kipande. Nachonga kwenye brasi, mara mojamoja alumini.

Maandishi yaliyonyooka yanatoka vizuri. Balaa ni nembo za mviringo. Nikichonga shimo la duara la milimita 30 kwa endmili (kisu cha kuchongea) ya mm 6, upande wa kulia na wa kushoto panabaki sehemu iliyonyooka kama mm 2 na ushee, utadhani mtu amepitisha tupa. Nikipima kwa venia napata 29.9 upande wa Y (mbele na nyuma) na 29.78 upande wa X (kulia na kushoto). Herufi O kwenye maandishi madogo ndiyo inatia aibu zaidi, nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani. Kuna mama ameniambia muhuri wangu una makengeza, na salio hajalipa mpaka leo.

Nimeangalia seti ya skrubu za gololi SFU1605 ya kuagiza China. Hela yake ndiyo kodi ya fremu ya miezi kadhaa. Je, nikifunga hizo tatizo litaisha, au kuna kitu cha kuanzia kabla ya kuingia gharama?

---

grbl_kijana (Dodoma)

Mkuu, Mach3 ina fidia ya beklashi. Nenda Config, fungua Backlash, weka 0.22 kwenye X, washa, zima programu na uifungue tena. Basi. Hela ya fremu ibaki mfukoni. Mimi kwenye 3018 yangu (ruta ndogo ya mezani) natamani ningekuwa nayo, maana GRBL 1.1 inayoiendesha haina hicho kitu kabisa.

---

mzee_wa_venia (Morogoro)

Kijana wa mihuri, usiagize chochote bado. Na hiyo 0.22 usiiandike kwenye Mach3, sababu nitaieleza.

Kwanza vipimo vyako vinaongea. Endmili ya 6 ndani ya duara la 30, kitovu cha kisu kinatembea kwenye nusu kipenyo cha 12. X inageuza mwelekeo mahali pawili tu, kulia kabisa na kushoto kabisa. Pale skrubu inaanza kurudi lakini meza imesimama mpaka uwazi wote uishe, na wakati huo Y inaendelea na safari yake. Zidisha 2 mara 12 mara 0.22, tafuta kipeuo cha pili: inakuja 2.3. Ndiyo ile "mm 2 na ushee" yako. Kwa hiyo ni mchezo wa kweli, yaani huo uwazi wa beklashi, na uko kwenye X. Y nayo ina 0.1, lakini hiyo inasubiri.

Hata hivyo hakikisha mota hairuki hatua, kwa sababu watu huchanganya mambo haya mawili. Weka dayo (saa ya kupimia yenye sindano) kwenye meza, iweke sifuri, halafu andika programu fupi ya kwenda mm 50 na kurudi, irudie mara mia kwa kasi unayochongea. Mwisho ikifika sifuri, soma dayo. Mchezo haujilimbikizi: utakuta sindano iko palepale. Ikiwa imehama, na ukirudia inazidi kuhama, hapo shida ni mota, draiva au gibu (vibanio vya njia za meza) ulizokaza mno, na utatafuta mchezo mpaka nywele ziote mvi bila kuuona.

Sasa tafuta mchezo uko wapi. Neno "beklashi" linawafanya vijana wote waangalie nati. Nilikaa karakana ya kiwanda cha nguo tangu mashine zote zikiwa za mkono, na ninavyojua mimi, kwenye mashine hizi ndogo zilizobadilishwa nati husingiziwa. Kuna sehemu nyingine tatu: beringi za mwisho wa skrubu, kaplingi kati ya mota na skrubu, na kile kibano kinachoshikilia nati kwenye meza. Ongeza gibu kama zimelegea, ingawa hizo huonekana zaidi kama meza kupinda pembeni kuliko kurudi nyuma.

Fanya hivi, na mota ziwe zimewashwa ili zishikilie.

Sumaku ya dayo ikae kwenye mwili wa mashine, ncha iguse meza. Sukuma meza kwa mkono, vuta, sukuma. Usitumie nguvu za kunyanyua gunia, kiasi cha kufungua mlango mzito kinatosha. Andika jumla. Fanya hivyo katikati ya safari ya meza, kisha karibu na miisho yote miwili. Kama katikati ni kubwa kuliko mwishoni kwa kiasi cha maana, skrubu yenyewe imelika pale inapofanya kazi kila siku, na hapo nati hata uibane vipi itakwama ukifika mwishoni.

Pili, hamishia ncha ya dayo kwenye kichwa cha skrubu, upande usio na mota. Kawaida pana kitundu cha senta. Chukua gololi ndogo, ipake grisi, ibandike kwenye kitundu, dayo iguse gololi ili kutokunyooka kwa kichwa kusikudanganye. Sukuma na vuta meza tena. Skrubu ikienda mbele na nyuma pamoja na meza, huo mchezo ni wa beringi. Hakuna nati wala skrubu ya gololi duniani itakayouondoa.

Tatu, dayo kwenye kibano cha nati, sumaku kwenye meza. Hapa isome sifuri. Ikisoma kitu, bolti zimelegea.

Nne, chora mstari mmoja wa kalamu ya maka kuanzia shafti ya mota, upite juu ya kaplingi, mpaka kwenye skrubu. Chonga kidogo, kisha angalia. Mstari ukikatika, grabu skrubu (kiskrubu kinachobana kaplingi kwenye shafti) imeteleza. Hizi kaplingi za alumini zenye mkato wa mzunguko haziachii mchezo kwa maana halisi, ila zinajipinda kama springi, na kwenye brasi utaona.

Leta namba hapa. Bila namba tutabaki kupiga ramli.

Kuhusu fidia ya Mach3: inajua mwelekeo umegeuka, basi inazungusha skrubu zaidi kidogo. Haijui kisu kinafanya nini. Meza yenye uwazi wa 0.22 haikai ukutani mwa nati kwa hiari yake, kisu kikiivuta inaruka ndani ya huo uwazi, fidia iwepo isiwepo. Kwa kutoboa matundu au kuchora mistari myepesi inasaidia. Kwa kuchonga brasi usiitegemee kwa namba kubwa. Mabaki ya mwisho, 0.02 au 0.03, hayo ndiyo ya kuiachia.

---

Tabata_CNC (Dar)

Mzee nakukubali kwenye kupima, ila nami nitetee skrubu za gololi kidogo. Nilizifunga kwenye ruta yangu ya 6040 ya kuchonga milango na tofauti niliiona, hasa kasi na mota kutopata moto. Nati ya bronzi inalika kila siku unayofanya kazi, ya gololi hailiki hivyo.

Ila mwenye mihuri ajue anachonunua. Hizi SFU1605 za bei rahisi ni daraja C7, yaani kosa la safari linaruhusiwa mpaka 0.05 kwa kila mm 300. Na nati moja isiyobanwa inakuja na mchezo wake mdogo pia. Wapo wanaobadilisha gololi, za asili ni mm 3.175, wanaweka kubwa zaidi kwa mikroni chache mpaka inabana. Nati usiitoe kwenye skrubu bila kuipokea na bomba la kipenyo sawa, la sivyo utazisaka gololi chini ya meza na nyingine hutaziona tena. Halafu skrubu ya gololi haijizuii. Kwenye Z (juu na chini) ukizima umeme kichwa cha mashine kinaweza kushuka chenyewe juu ya kazi.

Fungua pia hizo nyumba za beringi za BK12 kabla ya kufunga. Zinatakiwa ziwe na beringi za pembe, zinazobeba pia msukumo wa urefu wa shafti. Kuna nyingine ukifungua unakuta beringi za kawaida tu, na hapo umehamisha tatizo kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa gharama kubwa.

---

Nyegezi_Mihuri (Mwanza)

Shikamoo mzee. Nimepima kama ulivyoelekeza, dayo nimeazima kwa jamaa wa karakana jirani.

Kwenda na kurudi mara mia: sindano imerudi palepale.
Meza, katikati: 0.22. Miisho: 0.21 na 0.20.
Kichwa cha skrubu na gololi: 0.13!
Kibano cha nati: haisogei.
Kaplingi: mstari haujakatika. Ni ile ya mkato wa mzunguko.

Nimefungua upande wa mota. Kuna beringi mbili za namba 6000 zimekaa pamoja kwenye tundu, skrubu imechongwa mm 10 hapo. Mwisho wa skrubu kuna nati ya M10, ila nimegundua inabana kola tu, na kola imegonga bega la skrubu kabla ya kugusa beringi. Kwa hiyo beringi hazijabanwa na kitu chochote.

---

mzee_wa_venia (Morogoro)

Marahaba. Umeona sasa: zaidi ya nusu ya mchezo wako hauhusiani na nati. Ungefunga SFU1605 kwenye nyumba hiyohiyo ungebaki na 0.13 na deni juu.

Beringi ya 6000 ni ya kubeba mzigo wa kuzunguka. Ukiisukuma kwa urefu wa shafti, njia ya ndani inatembea kidogo kabla gololi hazijashika, na hicho kiasi ni kikubwa mara kadhaa kuliko uwazi wake wa juu na chini. Kwa feni si kitu. Kwa mashine ya kuchonga ni msiba.

Dawa nzuri ni beringi mbili za pembe za 7000, vipimo ni vilevile 10 kwa 26 kwa 8, zifungwe mgongo kwa mgongo. Maduka ya beringi hapo mjini yanaweza kuwa nazo. Njia nyingine ni beringi bapa za kubeba msukumo, namba 51100, moja kila upande wa ukuta wa nyumba, na 6000 ibaki kwa ajili ya kunyoosha tu. Lakini kwa mzigo wako mdogo, kabla ya kununua, jaribu hii isiyo na gharama.

Punguza kola kwenye kerezo, nusu milimita inatosha, ili nati ya M10 ibane njia za ndani za beringi na si bega. Kisha kata shimu kutoka kwenye kopo la soda, unene wake ni kama 0.1. Iwe pete ya kipenyo cha nje 26 na cha ndani 23, nyoosha kingo zake kwa msasa. Iweke kati ya beringi mbili, iguse njia za NJE peke yake. Hakikisha kifuniko cha nyumba kinabana njia za nje zisitembee. Ukikaza nati, njia za ndani zinavutwa kukaribiana, gololi zinabanwa kila moja upande wake, uwazi unakwisha. Kaza polepole huku unazungusha skrubu kwa vidole. Inatakiwa uhisi uzito mdogo ulio sawa mzunguko mzima. Ukihisi michubuko au vijiwe, umezidisha, legeza. Kama bado inacheza, ongeza pete ya pili. Mwisho funga kwa nati ya pili juu yake ili isilegee.

Hizo namba za miisho zinakaribiana na ya katikati, kwa hiyo skrubu yako ni nzima. Inayobaki kama 0.09, nyingi ni ya nati. Hiyo inarekebishika.

Na wakati unasubiri, angalia kwenye programu yako ya kuandaa njia za kisu ni upande gani kinakata. Wengi huacha kisu kifuate mwendo wa meza kwa sababu uso unatoka laini. Kwenye mashine yenye mchezo, kisu kinaidaka meza na kuivuta ndani ya uwazi, unasikia "tak" na endmili imekatika. Geuza kikate kwa kupinga mwendo. Uso utakuwa na mistari kidogo, utaupitisha msasa. Pia usimalize duara kwa pasi moja nzito: acha 0.1, kisha pasi ya mwisho nyepesi, irudie mara mbili bila kuongeza kina.

---

Neema_Moldi (Nairobi)

Hamjambo hapa. Mzee, heshima zako. Nikisaidia kwa upande wa nati: mimi niko Kariobangi, nachonga moldi ndogo za plastiki, na nati zangu za pili nimejitengenezea kwa POM, ile plastiki nyeupe ngumu.

Tafuta kipande kilichobaki cha skrubu ileile ya TR16x4, au nunua kifupi. Kata POM, toboa 12, pasua kwa urefu upate nusu mbili. Zishikishe kwenye skrubu kwa jiliwa, kisha pasha joto skrubu kwa bunduki ya hewa moto, upashe chuma na si plastiki. POM inalainika karibu na nyuzi joto 165 mpaka 175. Kaza jiliwa kidogokidogo mpaka nusu zikutane, halafu ACHA ipoe kabisa kabla ya kuizungusha. Inatoka na nyuzi zilizoshika skrubu yako barabara.

Fanyia nje, kwenye upepo. POM ikizidi moto inatoa formaldehaidi, inachoma macho na koo. Na usitumie moto wa gesi: ikishika inawaka kwa mwali wa bluu ambao mchana huuoni.

Nati ya bronzi iache mahali pake, ya POM iweke kando yake kwa bolti mbili za kuirekebisha. Izungushe kidogo mpaka moja inasukuma upande huu wa uzi na nyingine upande ule, funga. Mimi sipendi springi katikati. Zile nati za springi za 3018 ziko sawa kwa kuchora mbao, lakini kwenye brasi kisu kikisukuma zaidi ya nguvu ya springi, mchezo umerudi. Na ukiweka springi kali sana, mota inachoka.

---

Nyegezi_Mihuri (Mwanza)

Mrejesho wa awali. Kola nimepunguza, pete moja ya kopo haikutosha, nimeweka mbili. Kichwa cha skrubu sasa kinasoma 0.01. Meza imeshuka kutoka 0.22 hadi 0.09. Duara la 30 kwa X linatoka 29.91, sehemu iliyonyooka bado unaiona ukitafuta, lakini O zinakutana. POM nimeagiza Dar kwa kijana wa basi, ikifika nitafanya alivyosema dada Neema.

Y nimeifungua pia, ni ugonjwa uleule wa kola.

Swali jingine: Z haionyeshi mchezo wowote nikipima, lakini kina cha herufi hakilingani, sehemu nyingine kisu kinazama zaidi. Kichwa nimekisaidia kwa springi ya gesi ya buti ya gari, nikairekebisha mpaka kichwa kinaelea, ukikisukuma kwa kidole kinakwenda.

---

mzee_wa_venia (Morogoro)

Hapo kwenye kuelea ndipo penye tatizo. Bila springi, uzito wa kichwa unalalia upande mmoja wa nati muda wote, kwa hiyo mchezo upo ila hauna nafasi ya kuonekana. Ukisawazisha uzito kabisa, kichwa hakilali juu wala chini, kinaogelea ndani ya uwazi, na endmili ya mikondo ikishika brasi inakivuta chini. Dayo haioni kwa sababu hakuna anayekisukuma wakati unapima. Kipime upya kwa kukinyanyua na kukigandamiza, utaona.

Badilisha springi iwe dhaifu zaidi, kichwa kibaki na uzito wa wazi kwenda chini; kwa mihuri mimi ningechagua hii, kwa sababu kichwa kimeshalalia mwisho wa uwazi na kisu hakina pa kukivutia zaidi. Au iwe kali zaidi ili muda wote kivutwe juu, ila hapo kisu kikiishinda springi kitazama zaidi ya ulichoandika. Kisha uguse sifuri ya Z ukiwa unashuka, si ukiwa unapanda.